Mume Arudiye Kukaa

Iko ndoa ya aina moja katika nchi ya Ukambani, kutoka Mwingi na Kyuso upande wa kaskazini hata Kibwezi na Mtito Andei kwenye njia ya reli, ambayo karibu kila mlango una habari zake na bado hatuizungumzi hadharani ipasavyo: ndoa ya mume aliyeondoka kijana kwenda kutafuta riziki Nairobi au Mombasa, akamwacha mkewe na shamba, mbuzi na watoto, akawa anaonekana mwisho wa mwezi pengine, Pasaka na Krismasi aghalabu, mpaka ikapita miaka thelathini, naye akarejea na sanduku lake, kitanda chake cha mjini na barua ya kustaafu, akaketi. Majirani huja kumpa mkono, wakamwambia mkewe, "Sasa umepata mwenzio," na wote wawili hutabasamu, maana siku hiyo ndiyo waliyoingoja. Neno langu leo ni kwamba kwa wenzi wengi wa Kitui na Makueni dhiki kubwa ya unyumba huanza siku ile ile ya furaha, na kwamba sisi tulio na desturi ya kuposa, desturi ya kuzaa na desturi ya kuzika, hatukujiwekea desturi hata moja ya kumpokea mume arudiye kuwa mume wa kila siku.

Kutengana kwenyewe ni jambo la kale kwetu. Kabla ya reli Wakamba walikuwa watu wa misafara, na mmisionari Johann Ludwig Krapf, alipofika Kitui mwaka 1849, alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri aliyepeleka pembe za ndovu hadi pwani, na wale waliofuatana naye walikaa njiani muda mrefu mbali na wake zao. Lakini msafara ulikuwa na majira yake. Ulikwenda pamoja na kurudi pamoja, na mwanamume alirejea akiwa bado anajua mto umekauka wapi na ng'ombe gani ametoa mimba. Utawala wa Waingereza ndio ulioigeuza safari kuwa maisha. Kodi ya kibanda ilidai fedha taslimu kila mwaka. Reli, iliyofika Nairobi mwaka 1899 baada ya kupita Kibwezi na Makindu, ilidai mikono. Jeshi la kikoloni la KAR liliwapenda vijana wa Kikamba likawachukua kwa wingi katika Vita vya Pili vya Dunia. Na mjini mshahara ulikadiriwa kwa mtu asiye na mke, na makao yakajengwa kwa kadiri hiyo hiyo, chumba kimoja kwa watu kadhaa, kila mtu na kitanda chake. Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ilikiri rasmi kwamba ujira wa Mwafrika mjini ulikuwa ujira wa mseja, ikashauri upandishwe hatua kwa hatua hata umtosheleze mtu pamoja na jamaa yake. Wakati huo mazoea yalikwisha kuota mizizi, na Uhuru uliyakuta na kuyaacha. Nayataja haya kwa kuwa wako wazee wanaojilaumu faraghani, wakidhani walitengana kwa upungufu wa mapenzi yao, ilhali waliozwa ndani ya mpango uliokwisha kupangwa na watu ambao hawakupata kuwajua.

Athari ya mpango ule juu ya nyoyo ilipita katika mambo madogo madogo, na moja naliona kuwa kubwa kuliko yote: wenzi hawa hawakupata faragha ya maneno. Katika miaka ya 1960 na 1970 barua ilitoka Nairobi mkononi mwa makanga wa basi, au ilifikia katika sanduku la posta la shule ya msingi, kisha akaitwa mtoto wa darasa la sita kuisoma, kwa sababu mama yake hakupelekwa shule. Mwenye kuandika alimjua atakayesoma. Basi alianza kwa salamu kwa mama mzazi, kwa ami na kwa majirani, akasema yeye ni mzima wa afya, akauliza habari za mvua, akaagiza mbuzi yule mweusi auzwe na karo ilipwe kabla ya shule kufunguliwa, akatia jina lake na kufunga. Neno la huba lingepitaje katika kinywa cha mwanawe wa miaka 12? Na jibu lilipoandikwa lilitoka katika kalamu ya mtoto yule yule, mama akimtajia yale tu ambayo mtoto aweza kuyaandika bila ya kuona haya. Sina shaka kuwa wako wanawake wa Mutito na Zombe waliozeeka bila kupata kumwambia mume, kwa maneno yao wenyewe, ya kuwa walimtamani. Na wako wengi zaidi ambao hawakupata kumwambia ya kuwa walimkasirikia.

Simu ilipokuja tulidhani faragha imepatikana. Ilipatikana, lakini ilikuta wenzi wamekwisha kuzoea lugha ya maagizo, na M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ikaifanya lugha hiyo kuwa fupi zaidi, kwa kuwa ujumbe wake una jina, kiasi na saa, na mume aliyeutuma alihesabu kuwa amekwisha kusema. Mazungumzo ya jioni yakawa haya: "Imefika?" "Imefika." "Watoto?" "Wazima." "Yule ng'ombe?" "Amezaa jana." "Haya basi, kesho." Wala sisemi kwamba hapana mapenzi katika maneno hayo. Mapenzi yamo, na pengine ni mengi. Mtu aliyejinyima chakula cha mchana wiki nzima ili ujumbe ule ufike hawezi kuambiwa hakupenda. Nasema tu kwamba mapenzi yasiyopata kinywa kwa miaka thelathini hayaoti kinywa kwa siku moja kwa sababu mwajiri ameandika barua.

Na katika miaka hiyo kila mmoja alijenga dola yake. Mke alijenga ya shamba. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa ndani yake hadi ilipotengwa mwaka 1992, wakaonyesha jinsi nchi iliyoonekana kufa kwa mmomonyoko katika miaka ya 1930 ilivyofufuliwa na wenyeji wake kwa kuchimba matuta, kupanda miti na kubadili mazao, hali watu wakiwa wameongezeka mara kadhaa. Mwenye kujua vijiji vya Mbooni na Kilungu anajua mikono ya nani ilichimba sehemu kubwa ya matuta yale ya fanya juu, yenye mfereji chini na ukingo wa udongo juu yake: ni mikono ya wanawake wa mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, wakienda shamba kwa shamba kwa zamu, na waume zao wakiwa katika zamu za viwanda na bandari. Ni wao, mwethya ule ule, waliobeba mawe na mchanga kujenga mabwawa ya mchanga katika mito mikavu ya Kitui, ili maji ya mvua yajifiche chini ya mchanga yapatikane kiangazi. Mke aliyepitia ukame wa 1984 akiwa na mtoto mgongoni, na akauona tena wa kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ikishindwa mfululizo, anajua ni ng'ombe yupi wa kuuza mapema kabla bei haijaanguka, ni duka gani litakalomkopesha unga, na ni mtoto gani atakayevumilia njaa na yupi atakayetoroka shule. Ilimu hiyo haikuandikwa mahali. Imo kichwani mwake, naye huitumia upesi bila kuieleza, kwa kuwa hakuwa na wa kumweleza.

Mume naye alijenga yake, na wake wengi hawaijui hata nusu. Alilala Muthurwa au Makongeni, Changamwe au Likoni, katika chumba cha kukodi. Alijipikia ugali kwa stovu ya mafuta ya taa. Alivumilia matusi ya msimamizi aliye mdogo kwa umri kuliko yeye. Aliugua peke yake akanywa vidonge vya kioski akaenda kazini. Wengine walikuwa askari na walinzi wa usiku, wengine madereva, wengine wachongaji wa vinyago katika ushirika wa Akamba Handicraft pale Mombasa, ulioanzishwa mwaka 1963, ambao mikono yao ilijulikana kwa watalii wa Ulaya kuliko ilivyojulikana kwa watoto wao. Na kila alipokwenda nyumbani Krismasi, alivaa shati lake zuri, akabeba mkate, sukari na kilo mbili za mchele, akaificha dhiki yake, kwa kuwa aliona kwamba mume anayerudi na malalamiko amerudi mikono mitupu.

Sasa tumtazame mtu huyu katika mwezi wake wa pili nyumbani, bila jina, maana majina yake ni mengi. Ameamka saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ndiyo saa iliyomtoa kitandani miaka yote awahi kazini, naye hana kazi ya kuiwahi. Anafungua redio, Musyi FM, kwa sauti ya mtu aliyezoea kukaa peke yake. Mkewe, ambaye saa hiyo husali na kuipanga siku yake kimya, anaondoka kitandani bila ya kusema. Kumepambazuka, mzee anaona lango la zizi linaelekea bondeni, analiona kuwa kosa, anatafuta nyundo na kibarua, na kufikia adhuhuri amekwisha kuling'oa na kuligeuza lielekee nyumba. Jioni mbuzi warudipo wanalikosa lango walilolizoea, wanazunguka zizi wakilia. "Baba Mutua," mkewe anasema kwa upole, "lango lile niliweka kule kwa ajili ya maji. Mvua ikinyesha, yatapita hapa yaingie ndani." Naye anajibu, "Kwani hili zizi ni la nani?" Mke hajibu, anakwenda kuwaongoza mbuzi mmoja mmoja. Usiku simu ya mke inalia, ni binti yao aliyeolewa Thika, baba ndiye aliye karibu, anaipokea, wanasalimiana kwa adabu, wanaulizana hali ya afya na ya mvua, kisha binti anasema, wala hakukusudia ubaya wowote, "Haya baba, hebu nipe mama." Kutoka jikoni mzee anasikia mazungumzo ya nusu saa, na kicheko ambacho tangu arudi hajakisikia mezani pake.

Mtu huyu si dhalimu, wala mkewe si mwenye kiburi. Kosa lao, kama ni kosa, ni kwamba kila mmoja amerudi katika ndoa hii akiwa mdai. Mume anahesabu karo alizolipa, mabati aliyonunua na usingizi alioukosa, akaona yeye anaidai nyumba hii heshima na mapumziko. Mke anahesabu matuta, ndoo za maji, misiba aliyoizika peke yake na watoto aliowauguza usiku, akaona yeye anamdai mume huyu msamaha au walau shukrani. Wadai wawili wakikutana pasipo mdaiwa, hapalipwi kitu. Kila mmoja hungoja mwenziwe aanze, na kungoja huko hugeuka kuwa ukimya, na ukimya hugeuka kuwa tabia, mpaka mzee anakwenda kushinda sokoni au kwenye kilabu, ambako walau watu humwuliza habari za Nairobi, na mkewe anakwenda chama cha akina mama, ambako hutaja kila kitu kilichompata isipokuwa hicho.

Zamani mwanamume aliyekaa nyumbani alikuwa na thome, moto wa nje ya boma walipoketi wanaume, akapata mahali pa kuwa mtu bila ya kuingilia jiko. Leo thome nyingi zimezimika, kwa sababu wenye kuziwasha ndio hao waliokuwa mjini, na vijana waliobaki wako kwenye bodaboda. Kwa hiyo mzee anarudi katika boma lisilo na mahali pake. Nyumba yote ni ya kazi, na kazi yote ina mwenyewe.

Wala tusidhani ni msiba wa maskini au wa Afrika pekee. Mwaka 1991 daktari mmoja wa Japani, Nobuo Kurokawa, alieleza hali aliyoiona kwa wanawake wa makamo waliokuwa wakija kwake na vidonda vya tumbo, shinikizo la damu na vipele, akagundua kwamba maradhi yao yalishikamana na kustaafu kwa waume zao, watu waliotumikia makampuni yao kuanzia asubuhi hata usiku na sasa wakakaa nyumbani wakitaka kuhudumiwa. Na ilipofika mwaka 2007 sheria ya nchi ile iliruhusu pensheni ya mume igawanywe wenzi wanapoachana. Naupima msiba wetu kwa wao nikiona wetu ni mzito zaidi, kwa kuwa mume wa Tokyo, pamoja na kuchelewa kwake kote, alilala nyumbani.

Sheria yetu imeona sehemu ya jambo hili, na inastahili kusifiwa kwa kadiri ilivyoona. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 45, imewapa wenzi haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakati wa kuachana. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, inapoeleza mchango wa mwenzi, haihesabu fedha tu, bali kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa mali ya jamaa, kazi ya shamba, na tena, jambo lililonifurahisha nilipolisoma, usuhuba wenyewe, yaani kuwa mwenzi kwa mwenzio. Kweli Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe, na kila mmoja sharti aonyeshe alichochangia. Lakini tafakari: taifa limeandika katika sheria kwamba usuhuba ni mchango unaohesabika, kisha likaacha uhesabiwe siku ndoa inapokufa, mbele ya hakimu na mawakili, wakati hauna faida tena kwa waliousubiri. Mimi nataka uhesabiwe wenzi wakiwa hai na wakiwa mezani.

Najua jibu litakalotolewa, maana nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu: mume ni kichwa cha nyumba, na kichwa hakiombi ruhusa ya kugeuza lango. Hao hupenda kuwausia wanawake subira na utii, na kwa kweli lugha yetu ni tajiri wa wasia wa namna hiyo. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utendi wake mashuhuri mnamo mwaka 1858, huko kaskazini mwa pwani, kumfunza binti yake jinsi ya kukaa na mume, na wasia ule umesomwa vizazi na vizazi. Sina neno juu ya mama aliyemwandikia bintiye akiwa mgonjwa. Ila nauliza, wasia wa mume arudiye uko wapi? Ni nani aliyemketisha mwanawe wa miaka 60 akamwambia, mwanangu, nyumba unayoingia umeijenga kwa fedha lakini hujaikaa, basi ingia kwa adabu? Ukichwa usiojua maji ya mvua yanapita wapi utaleta mafuriko zizini, na heshima iliyodaiwa kwa swali la "ni la nani" hupatikana kwa midomo tu.

Shauri langu ni hili, nami nalitoa nikijua kuwa litawakera baadhi ya rika langu. Mume arudiye asibadili kitu mpaka msimu mmoja wa vuli upite, tangu kulima kwa Oktoba hata kuvuna kwa Februari, kwa kuwa vuli ndiyo mvua tunayoitegemea kuliko masika. Katika msimu huo asihamishe lango, asiuze fahali, asikate mti, asiajiri kibarua wala kumfukuza, bali ashike jembe akiuliza: hapa tunapanda ndengu au kunde, tuta hili lilivunjika lini, maji haya hununuliwa kwa nani. Mtu aliyetumikia kampuni kwa amri za wageni hatadhalilika kutumikia shamba lake kwa ushauri wa mkewe. Na faida yake ni zaidi ya mavuno, kwa kuwa hakuna njia iliyo nyepesi ya kumwonyesha mtu kuwa miaka yake haikupotea kama kumwomba akufundishe alichojifunza ndani yake.

Mke naye ana wajibu, wala si haki kumsamehe. Asimwache mzee ageuke mgeni wa kudumu, anayepewa chai na kuondolewa njiani. Amkabidhi jambo moja liwe lake kwelikweli, mizinga ya nyuki, tuseme, au miembe, asimsahihishe kila siku. Asifanye watoto kuwa ukuta. Binti akipiga simu, mama aseme, "Ongea na baba kwanza umweleze habari ya mtoto wako," na amwache aeleze, hata mazungumzo yakiwa mazito mwanzoni, kwa kuwa baba huyu hakupata kujifunza kuzungumza na wanawe ila juu ya karo, na wao hawakupata kumjua ila kwa mkate na mchele wa Krismasi.

Na wote wawili wapeane hesabu. Namaanisha waketi jioni, chakula kikiisha na redio ikizimwa, wauchukue mwaka mmoja kila jioni, kuanzia ule waliooana, na kila mmoja amweleze mwenziwe alikuwa wapi na lilimpata nini. Mwaka 1984 ulikula nini, mimi nilikula nini? Mwaka aliofariki mtoto wetu, nani alichimba kaburi, na zile siku mbili nilizochelewa nilikuwa nimekwama wapi? Yatatoka machungu, na yatatoka mambo ya aibu, na huenda usiku mmoja au miwili watu wasisemeshane. Lakini mke atasikia kwa mara ya kwanza habari ya chumba kile cha Makongeni na homa ile ya peke yake, na mume atajua kwamba mbuzi mweusi wa kwenye barua aliuzwa kwa machozi. Deni lililosikilizwa hupungua uzito kabla ya kulipwa.

Liko pia jambo la mwili, nalo nalisema kwa taadhima na kwa ufupi. Kisukari na shinikizo la damu, na baadhi ya dawa za shinikizo zenyewe, hupunguza nguvu za mwanamume. Na mwanamke aliyekoma hedhi huweza kupata ukavu na maumivu ambayo humfanya akimbie kitanda. Wengi hulichukua jambo la tiba kuwa jambo la moyo: mume huona amedharauliwa, mke huona amechokwa, na kumbe daktari wa hospitali ya kaunti angeyasikiliza yote mawili katika robo saa. Waende pamoja.

Haya yote hayamhusu mume apigaye, wala yule aliyeficha nyumba ya pili mjini na watoto wake. Huyo wa pili anatakiwa kusema kweli kwanza, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kabla hajaomba kukaribishwa mezani. Na mke wa yule wa kwanza aende kwa chifu na polisi, asiende kwenye semina.

Na semina zenyewe ndizo nilizotaka kuzifikia. Makanisa yetu, Katoliki na AIC na mengineyo, hufundisha vijana miezi kabla ya kuwafungisha ndoa, na huwapongeza kwa ngoma na keki wazee wanaokuja kuibariki ndoa ya kimila baada ya miaka ishirini na watoto wakubwa. Hayana saa moja kwa ajili ya wale wawili wanaoanza kukaa pamoja wakiwa na mvi. Waajiri nao, serikali ikiwa mbele yao, huwaita watumishi wanaokaribia kuondoka wakawafundisha juu ya kiinua mgongo, hisa, ufugaji wa kuku na namna ya kuwaepuka matapeli, na aghalabu anayeitwa ni mtumishi peke yake. Anafundishwa kuwekeza katika shamba ambalo lina msimamizi wa miaka thelathini, naye msimamizi hakualikwa. Barua ya mwaliko na iandikwe majina mawili, mume na mke, na siku moja ya mafunzo hayo iwe juu ya nyumba wanayokwenda kuikaa, ikiongozwa na mwanamke na mwanamume waliokwisha kuyapita haya. Nauli ya basi ya mtu wa pili kutoka Mutomo au Kathonzweni hadi Nairobi haizidi uwezo wa idara yoyote iliyomtumia mumewe miaka yote ile, na chumba cha kulala usiku mmoja, safari hii, kiwe cha watu wawili.